Sauti ya Masila

Kisilu alimjua baba yake kwa sauti, na sauti yenyewe ilitoka kwenye kaseti moja nyeusi. Masila alifariki Ijumaa moja ya mwezi wa nane mwaka 1977, gari la bendi lilipopinduka karibu na Salama wakitoka kupiga dansi Voi. Kisilu alikuwa na miezi mitano. Zilibaki picha mbili za kijana mwembamba aliyevaa suruali ya bugaluu, na ile kaseti aliyoletewa na mjomba wake Mbithi siku alipotimiza miaka minane. Mjomba aliichukua santuri ya pekee ambayo Masila na bendi yake ya Nzaui Shakers waliwahi kuitoa, akaipeleka duka moja la River Road ihamishiwe kwenye kaseti, kwa kuwa gramafoni ya nyumbani ilikuwa imekufa kitambo. Kaseti ikarudi. Santuri haikurudi, na mjomba alipoulizwa alijikuna kichwa akasema imepotelea huko huko mjini.

Wimbo uliitwa “Nakuja Jumamosi”. Gita liliingia zito, likijivuta, kila noti ikikaa mahali pake kwa muda kabla ya kukubali kuondoka. Kisha Masila aliimba kwa sauti ya kutoka chini kabisa ya tumbo: Usifunge mlango, Munyiva, nakuja Jumamosi. Kama nimechelewa ni barabara, si mimi. Munyiva ndiye mama yake Kisilu. Sasa mtoto wa miaka minane, ambaye baba yake ameondoka barabarani siku ya Ijumaa, akisikia maneno hayo kwa sauti hiyo ataelewa nini? Alielewa kwamba baba yake alijua atakufa. Na mwisho kabisa, gita likishanyamaza, palikuwa na sauti nyingine, hoo, hoo, hoo, ya mtu anayelia kwa kujizuia. Kisilu alilala na hicho kilio sikioni mpaka alipoota ndevu.

Mwaka 2006 alikuwa na miaka ishirini na tisa, karani katika ofisi ya bima Hurlingham, na kila kitu alichokuwa nacho nje ya ofisi hiyo kilikuwa kimejengwa juu ya wimbo mmoja. Ili gita lake lilingane na la kwenye kaseti, ilimbidi alegeze nyuzi zote sita na kutafuta nyuzi nene kuliko za kawaida zisije zikaning’inia. Wapiga gita wenzake wakimwuliza, aliwaambia ndivyo baba yake alivyokaza nyuzi zake, na kwamba siri hiyo ni ya nyumbani kwao. Alijizoeza kuimba kwa sauti ya chini isiyokuwa yake mpaka ikawa yake. Na katika bendi yao ya Kokoto, yeye na Viraj kwenye ngoma na Wamucii kwenye besi, kila shoo ilimalizika kwa “Nakuja Jumamosi”, na Kisilu alimalizia kwa kile kilio, hoo, hoo, hoo, watu wakaacha hata kunywa.

Mwandishi mmoja wa gazeti alisikia akatekwa. Akaandika kwamba kijana wa Kikamba aliwahi kupiga blues, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, hapa Nairobi miaka ya sabini kama mtu aliyezaliwa Mississippi, akataka kujua Masila aliutoa wapi muziki huo. Kisilu hakujua, ila mtu akiulizwa swali zuri kiasi hicho huona haya kukosa jibu. Mara ya kwanza alisema baba alifundishwa na baharia Mmarekani Mombasa. Mara ya pili baharia amekuwa mwalimu wa kujitolea kule Machakos. Mara ya tatu hakukuwa na mwalimu wala baharia, baba alizitoa noti hizo kwenye ukame wa Ukambani peke yake, na hili ndilo lililomfurahisha mwandishi kuliko yote. Kisilu aliyaamini matatu yote, kila moja kwa wakati wake.

Kitu kimoja tu kilimuuma, na kilimuuma sana. Mama yake hajawahi kumsikia akiimba. Si kwamba hakualikwa. Alialikwa mpaka Kisilu akachoka. Munyiva alikuwa mpiga chapa wa wizara, mama mpole wa kwaya ya kanisa pale mtaani kwao Satellite, asiyekosa harusi wala matanga ya jirani. Lakini kaseti ile ikiwekwa tu, tangu siku ile ya kwanza, aliinuka akatoka nje. Alikwenda kuanua nguo. Kama hakukuwa na nguo kwenye kamba alikwenda kuanua hivyo hivyo, akasimama uani akishika kamba tupu mpaka wimbo umalizike. Na tangu Kisilu aanze kuimba kwa sauti hiyo, aliinuka kwa ajili yake vilevile. Kisilu alifikiri mama hampendi marehemu, au haupendi muziki uliomchukua marehemu. Alishawahi kumwuliza. Munyiva alijibu kwamba nguo zitanyeshewa.

Sasa Kokoto walikuwa wamepata studio, Jumamosi ya katikati ya mwezi wa kumi na moja, kurekodi CD yao ya kwanza. Wimbo wa kwanza ungekuwa ule, na siku waliichagua makusudi. Kisilu alikuwa ameapa moyoni kwamba mama atakuwepo studio siku hiyo, ameketi kwenye kiti, akisikiliza. Akikataa na hii, basi, hatamwomba tena maishani.

Viraj ndiye aliyeleta mambo. Alitaka CD ianze na sekunde ishirini za Masila mwenyewe, ndipo bendi iingie, lakini kaseti ilikuwa imechakaa mpaka inakwaruza. Tena Viraj hakuwahi kuielewa kaseti hiyo. Alikuwa akisema matoazi yake yanalia muda mrefu mno, na kwamba hakuna mpiga ngoma hapa duniani mwenye mkono mvivu kiasi kile. Kisilu aliona ni wivu. Hata hivyo aliigeuza kaseti, akasoma muhuri wa mpira uliofifia, Sauti Njema, River Road, na Alhamisi, siku mbili kabla ya studio, saa sita akaomba ruhusa kazini akashuka mjini.

Duka lilikuwepo na halikuwepo. Jina lilikuwa lile lile juu ya mlango, rangi imebabuka, lakini chini yake waliuza mabomba, bawaba na makufuli. Nyuma ya kaunta aliketi mzee wa Kisikh, kilemba cha samawati, ndevu nyeupe, akipima mnyororo kwa urefu wa mkono wake. Hakuinua macho. Kisilu aliweka kaseti juu ya kaunta, akasubiri mnyororo umalizike.

Mzee aliichukua, akaigeuza, akaisogeza mbali na macho yake ili aisome. Jina lake lilikuwa Harjit, na muhuri ule aliuchonga yeye. Alisema hivyo bila mbwembwe, kama mtu anayetambua koti lake. Kisilu alieleza shida yake: santuri ya Nzaui Shakers, iliyoletwa hapa mwaka 1985 na mtu aitwaye Mbithi, ambayo bila shaka ilishatupwa zamani.

Harjit alimkodolea macho.

“Nani ametupa?” aliuliza. “Hapa hakuna mtu anatupa kitu ya mtu.”

Aliingia nyuma, akapanda ngazi, na Kisilu akamsikia akivuta na kusukuma vitu huko juu. Alirudi na katoni ya kitambo iliyofungwa kwa kamba ya katani, ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu ZA WATU. Ilikuwa desturi ya baba yake mzee huyu, mwenye duka wa kwanza. Mteja akileta santuri irekodiwe kwenye kaseti, jina huandikwa kwenye karatasi ya katikati ya santuri, na asiporudi kuichukua inaingia katoni ile. Haiuzwi, haiazimwi, haipigwi. Duka liligeuka la kaseti, likageuka la simu za mezani, likageuka la mabomba, na kila mara katoni ilipanda na kushuka ngazi pamoja nao. Harjit alizipekua kwa vidole vizito lakini kwa adabu. Alipofika karibu na mwisho alichomoa santuri moja ndogo, akaipuliza vumbi.

Kisilu aliona maandishi ya wino wa buluu. Munyiva, Nyumba 14. Ni mwandiko wa mama, bila shaka aliuandika kabla santuri haijatoka nyumbani, herufi zilizolala upande mmoja, ule ule wa fomu zake za shule.

Mzee alisogeza bawaba, akaweka juu ya kaunta gramafoni ya mkoba yenye spika kwenye kifuniko. Alikuwa akiitumia bado, kwa nyimbo zake mwenyewe, mchana wateja wakipungua. Aliweka santuri, akateremsha sindano.

Kilichotoka kilimfanya Kisilu acheke kwanza. Gita lilitoka mbio, jembamba, linarukaruka, ngoma zikilifukuza nyuma, matoazi yakikata tsk, tsk, safi kabisa. Kisha kijana mmoja mwenye sauti nyepesi ya juu akaanza kuimba kwa furaha zote kwamba Munyiva asifunge mlango, anakuja Jumamosi. Kama amechelewa ni barabara, si yeye.

“Mzee, iko na mbio sana,” Kisilu alisema. “Rekebisha.”

“Hii ndiyo mwendo yake.”

“Hapana. Mimi najua hii wimbo. Naijua kuliko mtu yeyote.”

Harjit hakubishana. Aliinua sindano, akamwonyesha maandishi madogo kwenye karatasi ya santuri, 45. Akamweleza taratibu, kama anavyomweleza mtu tofauti ya bomba la nusu inchi na la robo tatu. Santuri ndogo huzunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Kubwa, zile za nyimbo nyingi, huzunguka thelathini na tatu. Ukikosea, mwimbaji anakuwa mtu mwingine. Kisha, akiwa bado anaongea, alinyamaza, akaitazama kaseti, akausogeza mkono polepole mpaka kwenye kiwashio cha mwendo, akakirudisha kwenye thelathini na tatu, akateremsha sindano tena.

Na hapo baba yake Kisilu akaja. Mzito, mvivu, mwenye huzuni, kila noti ikijivuta. Nakuja Jumamosi.

Waliusikiliza mpaka mwisho, wanaume wawili wameinamia mkoba, mteja mmoja mwenye shida ya kitasa akisubiri mlangoni bila kuhudumiwa. Ulipofika mwisho, hoo, hoo, hoo, Kisilu alimwomba mzee arudishe hapo kwa mwendo ule mwingine. Harjit alirudisha. Haikuwa kilio. Kijana alikuwa akicheka. Alicheka kicheko cha mtu aliyejizuia wimbo mzima na sasa ameshindwa, ha ha ha, mpaka mtu mwingine nyuma yake akasema kitu na wimbo ukakatika.

Kisilu alijikuta amekalia ndoo ya misumari. Kila shoo, kwa miaka sita, alikuwa amesimama mbele za watu akalia kilio cha baba yake, na baba yake alikuwa akicheka.

“Ni mimi,” Harjit alisema.

Alisema akitazama mikono yake. Chumba cha kurekodia kilikuwa huko juu. Asubuhi walihamisha santuri kubwa za nyimbo za sinema kwa ajili ya familia za Ngara na Parklands, moja baada ya nyingine, mtambo umewekwa thelathini na tatu. Mchana ndipo ziliingia ndogo. Mwaka ule baba yake alikuwa mgonjwa, naye Harjit alikuwa akihudumia juu na chini peke yake. Aliweka santuri bila kubadilisha mwendo, akaachia kaseti izunguke, akashuka kuuza. Hakusikiliza. Lugha hakuijua vizuri wakati huo, bendi hakuijua, na mteja aliyekuja alikuwa na haraka, akachukua kaseti akaacha santuri. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama kulikuwa na mtu aliyeumia kwa ajili ya jambo hilo.

Kisilu alitaka kukasirika, akatafuta hasira mfukoni na moyoni akaikosa. Angemkasirikia vipi mtu aliyemtunzia sauti ya baba yake miaka ishirini na moja katika katoni? Na angemshukuru vipi mtu aliyempa baba asiyekuwepo? Mzee alifunga mkoba wa gramafoni kwa karatasi za mifuko ya saruji, akaweka santuri juu yake, akamwambia aende navyo vyote, gramafoni atairudisha akipata nafasi. Kisilu aliitikia, akatoka, akapita maduka matatu kabla ya kukumbuka kwamba hakuaga.

Gereji ya kina Viraj huko Hurlingham ndiyo iliyokuwa chumba cha mazoezi. Baba yake Viraj huliacha gari nje kila Alhamisi jioni kwa ajili ya kelele zao, na Manjula, mama yake, huleta chai ya tangawizi bila kuulizwa. Siku hiyo chai ilipoa. Kisilu aliwapigia wenzake mara moja kwa mwendo wa kweli na mara moja kwa mwendo wa kaseti, kisha akaketi juu ya spika.

Viraj alicheka mpaka akashika mbavu, maana hatimaye matoazi yalikuwa yameeleweka. Alipomwona Kisilu usoni akaacha. Wamucii hakucheka kabisa. Alikuwa na tabia ya kufikiri kwa vidole, akawa anagusa nyuzi za besi bila kuzipiga.

“Sasa buda wako ni nani,” aliuliza, “yule wa kaseti ama huyu?”

“Sijui.”

“Na sisi tunapiga ya nani?”

Wakaingia kwenye mabishano yasiyo na mkia. Viraj aliona warekodi kama santuri, mbio, ndivyo Masila alivyotaka. Mtu hawezi kumwekea marehemu huzuni isiyo yake. Wamucii aliona mtindo wa Kokoto umetoka kwenye kosa la mtu, ndiyo, lakini umetoka, na haurudi tumboni. Kisilu alikubaliana na Viraj, kisha na Wamucii, kisha na Viraj tena. Alijaribu. Alikaza nyuzi zake nene mpaka kwenye sauti ya santuri, na ya tatu ikakatika, ikamchapa kidoleni. Alijaribu kuimba kule juu, akatoa sauti ya mtu aliyekanyagwa. Ile sauti nyepesi ya baba yake hakuwa nayo. Pengine alizaliwa nayo, akaiua mwenyewe akiwa na miaka kumi na minne, usiku baada ya usiku, akijilazimisha kushuka chini kumfuata mtu ambaye hakuwa huko.

Kilichomtia uchungu zaidi ni hesabu ndogo aliyoifanya bila kutaka. Kijana yule wa santuri alikuwa na miaka ishirini na minne. Kisilu amempita kwa miaka mitano. Maisha yake yote alikuwa akimtazama baba kutoka chini, mtu mzima mwenye sauti ya mwamba, na sasa alikuwa akimsikia mdogo wake akicheka. Aliomba radhi kwa wenzake, akafunga mkoba, akabeba na gita lake, akaondoka. Viraj alimwuliza mlangoni kama Jumamosi iko au haiko. Alisema atawapigia.

Alifika Satellite saa kumi na mbili kasoro, mawingu yamejaa upande wa Dagoretti. Munyiva alikuwa sebuleni akipasua maharage mabichi kwenye beseni, viatu vya kazini amevivua, na uani shuka mbili na sare ya kwaya vilikuwa vinaning’inia kwenye kamba. Aliona gramafoni ikitoka kwenye karatasi, akaona santuri, na kabla Kisilu hajasema lolote akaweka beseni chini, akajifuta mikono, akainuka.

“Wacha nikatoe nguo,” alisema. “Mvua inakuja.”

“Mwaitu, ngoja.”

Hakungoja. Kisilu aliiweka santuri, akateremsha sindano.

Gita likatoka mbio. Munyiva alikuwa ameshafika mlangoni, mkono juu ya kitasa, mgongo umeelekea ndani. Kijana wa santuri akaanza kuimba. Mama hakugeuka, lakini hakufungua pia. Kisilu aliona mabega yake yakipanda na kubaki huko juu. Wimbo ulikwenda wote, dakika mbili na sekunde hamsini, naye amesimama hivyo hivyo akiwa na kitasa mkononi. Mwisho ulipofika, ha ha ha, Munyiva aliegemeza paji la uso kwenye mlango.

“Huyo,” alisema. “Huyo ndiye Masila.”

Kisilu alimshika akamketisha. Akamweleza yote bila mpangilio, katoni, bawaba, thelathini na tatu, baba wa mzee aliyekuwa mgonjwa, na Munyiva akawa anatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kushindwa kukishika kitu kikubwa namna hiyo kwa mara moja. Alitaka kuigusa santuri. Aliona mwandiko wake. Alilia kidogo, akajikemea, akalia tena.

Ndipo akasema ambalo hakuwahi kulisema. Siku mjomba alipoleta kaseti, alikuwa ametayarisha moyo wake kumsikia mumewe baada ya miaka minane. Ikatoka ile sauti. Ilikuwa na maneno yake, na jina lake yeye ndani yake, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayeongea akiwa amefunikwa na udongo. Alitoka nje akatapika penye kamba ya nguo. Alisema hakuwa mshirikina, alikuwa mtu wa kanisa, lakini ilimtisha, na iliendelea kumtisha.

“Ungeniambia,” Kisilu alisema.

“Ningekuambia nini? Ulikuwa mtoto. Ulikuwa unalala ukikumbatia redio. Nikuambie huyo si baba yako?” Aligeuza santuri mikononi. “Halafu miaka ikaenda, na nyinyi wote mnasema ni yeye. Nikaanza kufikiria ni mimi nimesahau. Kwamba labda aliongea hivyo, na ile sauti mimi nakumbuka nimejitungia.”

Kisilu alimtazama mama yake, akaona kwamba alichokidhania chuki miaka yote hii kilikuwa hofu, na nyuma ya hofu upweke, mwanamke aliyekuwa akipoteza kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, na mwanawe ndiye aliyekuwa akimpokonya kila alipobonyeza kitufe. Alimwomba msamaha. Munyiva alimwambia aache upuzi.

Kisha akatabasamu, kwa namna ambayo Kisilu hakuwa ameizoea. Akamwambia kicheko kile cha Masila ni yeye aliyekisababisha. Alikuwepo studio siku hiyo, ameketi juu ya kasha, mimba ya miezi mitatu, na kwikwi zilimshika katikati ya wimbo. Aliziba mdomo kwa kitambaa mpaka akawa mwekundu macho, maana waliambiwa mtu akikohoa tu, kazi imeharibika na inaanzwa upya. Masila alikuwa akimwona wakati wote anaimba.

“Na wewe ulikuwepo,” alisema. “Kwikwi zenyewe zilikuwa zako.”

Waliupiga tena mara nne. Mara ya nne Munyiva aliimba nao, sauti ya pili, ya kwaya, kana kwamba aliiacha jana. Kisilu alisikiliza na bado hakujua amsikilize nani. Alimpenda kijana yule mara moja, mtu hawezi kukosa kumpenda, lakini hakumjua. Yule mwingine, mzito, ambaye hakuwahi kuishi, ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemtuliza alipofeli mtihani na alipoachwa na msichana wa kwanza. Mtu anamzika vipi mtu aliyekuwa kosa la kiwashio? Alimwambia mama yake hivyo, kwa maneno yaliyogongana. Alimwambia hajui Jumamosi aimbe nini, na ile sauti anayoimba nayo si ya baba, si ya mtu yeyote.

Munyiva alirudisha santuri kwenye bahasha yake, akafunika mkoba.

“Mimi sijawahi kuisikia vizuri,” alisema. “Nilikuwa nakimbia. Hebu chukua gita.”

“Itakutisha.”

“Nilikuwa nafikiri ni yeye. Sasa najua si yeye. Chukua.”

Gita lilikuwa na nyuzi tano, ya tatu imekatika. Kisilu alilegeza zilizobaki mpaka mahali pake pa zamani, akasafisha koo, akaanza polepole. Alipofika penye jina la Munyiva aliogopa kuinua macho. Alipoyainua, mama alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, anamtazama mdomoni kama anavyotazamwa mtoto anayesoma kwa sauti kwa mara ya kwanza. Kama nimechelewa ni barabara, si mimi. Noti zilijivuta, na pale uzi ulipokosekana palikuwa na pengo, akaliacha pengo lipite.

Akafika mwisho. Hapa ndipo alipozoea kulia, na hapa ndipo baba yake alipocheka, na Kisilu akiwa mdomo wazi hakujua atoe kipi. Hakutoa chochote. Alilaza kiganja juu ya nyuzi, wote wawili wakakaa kimya, na katika ukimya huo wakasikia matone ya kwanza yakigonga mabati ya jirani, halafu ya kwao, halafu mvua yenyewe. Shuka zilikuwa nje, na sare ya kwaya ambayo ingehitajika Jumapili.

Munyiva aliisikia. Aligeuza macho mlangoni, akayarudisha.

“Anza tena,” alisema, akabaki ameketi.